Anayeonja Kwanza

Tangu Pasaka ya mwaka ule wa tisini na mbili, mkono wa kulia wa Mukasine ulikuwa hautulii. Awe anafagia kabare yake, kilabu chake cha pombe, awe anaosha chupa, awe anasali rozari, mkono ulipenya chini ya nguo na kwenda pale pale, upande wa kushoto, karibu na kwapa, ambako titi linaishia. Hapo palikuwa na donge. Lilikuwa dogo, ukubwa wa punje ya haragwe, gumu, lisilouma. Aliligusa asubuhi akitumaini kwamba usiku limeyeyuka. Aliligusa tena mchana. Jioni alijikataza kuligusa, na kabla hajamaliza kujikataza alikuta vidole viko juu yake.

Hakumwambia mtu. Alimwambia Mungu, na hata Mungu alimwambia kwa namna ya kumkumbusha.

"Bwana, unanijua," alisali. "Nimezaa watano na wote nimewanyonyesha miaka miwili miwili. Mwili wangu si mzito. Sikai kitako, natembea kwa miguu kutoka Nyakabanda mpaka Nyabugogo kufuata mzigo. Nauza pombe, lakini siinywi. Nilikuapia mbele ya kaburi la mume wangu, na kiapo changu unakijua."

Aliisema sala hiyo kama mtu anayetoa karatasi zake kwenye kizuizi cha askari, moja baada ya nyingine, akingoja kuambiwa pita.

Kilichomfanya aombe hivyo ni dada yake Xavérine. Xavérine alikufa mwaka uliotangulia, huko kwao Gitarama, kwa titi lililooza. Alilificha mwaka na nusu chini ya khanga, mpaka harufu ikamtangaza. Hakuwahi kuolewa wala kuzaa, na siku ya maziko wanawake walinong'ona jikoni kwamba titi lisilonyonyesha hujila lenyewe. Mukasine alilishika neno hilo kama dawa. Likawa ndilo linalomtenga yeye na dada yake: huyu hakunyonyesha, mimi nimenyonyesha, basi hili langu ni kitu kingine, jipu labda, au mshipa uliojikunja kwa kubeba madumu.

Kabare yake ilikuwa chumba kimoja chenye mabenchi manne na pazia nyuma. Aliuza urwagwa, pombe ya ndizi, katika chupa zilizotiwa mrija wa tete. Na kama ilivyo desturi, hakuna mteja aliyeshika chupa kabla mwenye pombe hajaionja mbele ya macho yake. Mukasine angevuta mrija, angemeza, angefuta mrija kwa kiganja na kukabidhi. Ndiyo namna ya kumwambia mtu: humu hamna sumu, ningekuua ningejiua.

Zamani onjo moja lilitosha benchi zima. Lakini tangu vyama vya siasa vije, kila mtu na kofia yake, watu walioketi pamoja miaka kumi walikuwa wanatazamana kwa pembe ya jicho. Habari za fulani kulishwa sumu zilipita kila wiki. Sasa kila mmoja alitaka chupa yake ionjwe peke yake, na akiagiza ya pili, ionjwe tena.

Aliyeutambua kwanza mkono wa Mukasine ni jirani yake, Mama Usumani, Mwislamu, fundi cherehani, mwanamke mpana mwenye kicheko kipana. Ua wao ulikuwa mmoja.

"Mama Sangwa," alimwambia siku moja bila kuinua macho kwenye kitambaa, "hilo kwapa lina chawa?"

"Chawa wako mwenyewe."

"Basi lina nini? Kuanzia mwezi wa nne unalipapasa kama mfuko wa mtu aliyepoteza ufunguo."

Mukasine akacheka, halafu kicheko kikamkatikia njiani. Mama Usumani akaondoa mguu kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza.

"Leta," alisema. Hakuomba ruhusa. Aligusa, akagusa tena. "Dada Xavérine alikuwa na hili?"

"Xavérine hakuzaa. Mimi nimenyonyesha watano."

"Shangazi yangu wa Biryogo alinyonyesha tisa, na maishani hakutia tone la pombe mdomoni. Likamchukua. Alhamisi muuguzi anazungumza na wanawake pale kwenye zahanati ya masista. Tunakwenda."

"Alhamisi nina mzigo."

"Mzigo utakungoja. Mficha maradhi..."

"Usinisomee methali, nimekwisha kusikia."

Alhamisi wakaenda. Muuguzi aliitwa Gahongayire, msichana mwembamba aliyesomea Butare, asiyeona haya kutaja sehemu za mwili mbele ya watu. Wanawake kama thelathini walikaa kwenye mabenchi, wengine wakinyonyesha hapo hapo.

"Saratani ya titi haiji kwa kulogwa," alisema. "Wala si adhabu. Umri huileta karibu, na ukiwa na mama au dada aliyeugua, wewe jichunguze zaidi. Asiyezaa, au aliyezaa akiwa amechelewa, hatari yake hupanda kidogo. Kunyonyesha hupunguza. Hupunguza, sikusema hufuta."

Mukasine akajisogeza kwenye benchi.

"Na mwili ukizidi uzito hedhi inapokoma, hatari huongezeka," muuguzi akaendelea. "Kukaa siku nzima bila kutembea, nako hakusaidii."

"Muganga, unanisema mimi," Mama Usumani akadakia. "Cherehani imeniotesha mto wa kukalia."

Wanawake wakacheka. Gahongayire naye akacheka, kisha akasubiri watulie.

"Na pombe. Hapa ndipo watu hawanisikii. Si mpaka ulewe. Hata kidogo kidogo, ikiwa ni kila siku, inajumlika."

Mukasine alishusha pumzi. Hilo halimhusu. Aliona karatasi yake nyingine imepigwa muhuri.

Baada ya mazungumzo, muuguzi aliwaita wenye shida mmoja mmoja nyuma ya pazia. Alimgusa Mukasine muda mrefu, akamwinua mkono, akapapasa kwapa. Akachukua kalamu.

"Watoto?"

"Watano. Wote nimewanyonyesha."

"Nyumbani kuna aliyeugua?"

"Dada yangu."

"Pombe?"

"Sinywi."

Nje ya pazia Mama Usumani alikohoa, kikohozi cha mtu asiye na mafua. Muuguzi alimtazama Mukasine usoni kidogo, kama anayenusa kitu, akaandika aliloambiwa.

"Madonge mengi si mabaya, mama. Lakini hili sitalitolea neno mimi. Jumanne kuna daktari hospitali kubwa. Chukua karatasi hii, uende."

Njiani Mukasine alitembea haraka hivi kwamba Mama Usumani alilazimika kumvuta kitenge.

"Jumanne siendi," Mukasine alisema. "Umesikia mwenyewe. Sina hata moja katika aliyoyataja, ila dada. Na dada hakuzaa."

"Huna hata moja?"

"Hata moja."

"Na pombe?"

"Sinywi, Mama Usumani. Unajua niliapa."

"Najua uliapa. Na najua jioni ukija kuomba chumvi, mbu wanaokuuma wanarudi nyumbani wakiyumba."

"Naonja tu. Kuonja si kunywa. Ni kazi. Padri naye hunywa divai kwenye misa, utasema ni mlevi?"

"Padri huonja mara moja. Wewe?"

Mukasine akaongeza mwendo. Kwa kweli hakujua. Ni kama kumuuliza mtu amepepesa jicho mara ngapi.

"Basi tufanye hivi," Mama Usumani alisema. "Jumamosi nitaweka chupa tupu uani, nyuma ya pazia lako, na birika la maji. Kila ukionja kule mbele, njoo uchukue fundo la maji, kiasi kile kile ulichomeza, ulitemee kwenye chupa. Ikifika jioni haijajaa, mimi nitanyamaza mpaka kiama. Ikijaa, Jumanne unakwenda hospitali."

"Na nikichoka kutema?"

"Kumeza mbona huchoki?"

Mukasine alikubali kwa hasira, na kwa uhakika wa kushinda.

Jumamosi wateja walianza kufika mapema, kwa sababu gari la mafuta lilikuwa halijaja na wapakizi wa Nyabugogo hawakuwa na kazi. Mukasine alionja, akakabidhi, akapita pazia, akatema. Mwanzoni lilikuwa kama mchezo, na Mama Usumani alimpigia makofi. Kabla ya saa sita adhuhuri chupa ya kwanza ilijaa mpaka shingoni. Mama Usumani aliisogeza pembeni akaweka nyingine. Baada ya hapo hakupiga makofi tena.

Ya pili ilijaa wakati wa adhana ya alasiri. Kufikia saa kumi na mbili, Mukasine alipofunga mlango kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku, ya tatu ilikuwa imevuka nusu. Alikaa kwenye kigoda akizitazama. Maji yalikuwa safi, jua la mwisho likipita ndani yake. Mume wake, siku alizohesabiwa na mtaa mzima kuwa mlevi, kabla ya kuanguka kwenye mfereji na mvua kumziba pumzi, alikuwa anakunywa chupa tatu.

"Mama Sangwa," jirani yake alianza.

"Nyamaza kidogo."

"Nilitaka kusema kwamba si wewe uliyekusudia."

"Miaka tisa," Mukasine alisema. "Miaka tisa namwambia Mungu sinywi."

Jumapili kanisani alipiga magoti akaanza sala yake ile. Alifika kwenye watoto watano, akafika kwenye kutembea, kisha maneno yakamwishia. Hakuwa na karatasi ya kutoa. Akabaki amepiga magoti na hofu yake tupu, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka akasema jambo lenyewe: "Bwana, naogopa. Nina donge kama la Xavérine, na naogopa." Hakusikia sauti wala kuona ishara. Aliona tu kwamba Jumanne iko karibu, na kwamba anataka kuishi.

Alasiri kabare ilijaa. Benchi la mlangoni walikaa wenye kofia za chama kimoja, la ndani wenye kofia za kingine. Katikati alikuwa Mzee Eustache, mwashi wa zamani, ambaye kofia yake ya chama haikumtoka kichwani hata kwenye joto. Mukasine alimletea chupa, akaiweka mbele yake, akarudi nyuma hatua moja.

Eustache aliutazama mrija. "Umesahau, Mama Sangwa."

"Sijasahau, mzee. Leo sionji."

"Unaumwa tumbo?"

"Tumbo ni zima. Nimeacha tu."

Mazungumzo yakazimika, benchi moja baada ya jingine. Eustache aliisukuma chupa mbali kwa kidole kimoja, kama kitu kinachoweza kuuma.

"Nimekunywa hapa miaka saba," alisema polepole. "Mtu asiyeonja pombe yake anajua kilichomo."

"Nani amempa kitu cha kututilia?" mmoja wa benchi la mlangoni akauliza.

"Waulize rafiki zako wa mlangoni wenyewe," akajibiwa kutoka ndani. Watu wawili wakasimama.

Mukasine aliuona mwendo wa jambo hilo kama mtu anayeona jiwe limeanza kuteremka mlimani. Wiki tatu zilizopita, mtaa wa pili, nyumba ya mama mmoja ilipigwa mawe mpaka bati likatoboka, kwa neno la sumu tu, na hakuna aliyesubiri kujua kweli. Mrija ulikuwa pale, umbali wa kuinama. Fundo moja lingemaliza yote, wangecheka, wangeketi. Na baada ya fundo hilo lingine, na lingine, na Jumanne angepata kisingizio cha mzigo asiende hospitali.

Aliinamisha kichwa. Kutaja titi mbele ya wanaume ishirini kulikuwa kugumu kuliko kuvua nguo.

"Nina uvimbe kwenye titi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Nina uvimbe kwenye titi. Dada yangu alikufa kwa kitu hicho. Muganga ameniambia pombe hata kidogo kila siku inaongeza hatari ya ugonjwa huo, na jana nimejipima: kwa kuwaonjea ninyi tu, nakunywa chupa mbili na nusu. Sitii sumu. Wa kuniamini anywe. Asiyeniamini, mlango ni ule."

Waliosimama wakabaki wamesimama bila kujua wamesimamia nini. Wengine walitazama miguu yao. Mtu mmoja alitoa kicheko kifupi, akakosa mwenzake wa kucheka naye.

Eustache aliinuka. "Pole, mama," alisema, na pole yake ilikuwa ya kweli. "Lakini siku hizi mimi siwezi kunywa kisichoonjwa. Hata kwa mwanangu siwezi." Akatoka, na wengi wakatoka nyuma yake, mabenchi yote mawili, wakipishana mlangoni kwa tahadhari. Baada ya muda mfupi kabare ilikuwa na chupa kumi na mbili zilizojaa na mteja mmoja.

Huyo aliitwa Viateur, mpakizi wa Nyabugogo, mtu mwenye mabega ya ng'ombe na maneno machache. Hakugusa chupa yake. Aliizungusha kofia mikononi.

"Hicho kitu," alisema, "kinaanzaje?"

"Kama haragwe. Hakiumi."

"Ngozi inavutika ndani? Kama mtu amebonyeza kidole?"

Mukasine alimgeukia. "Umeona wapi?"

"Kankindi, mke wangu. Ana kitu hicho tangu mwaka jana. Anasema ni maziwa ya mtoto yameganda. Mimi nilitaka kusema kitu, lakini mwanaume ataanzia wapi?"

"Anzia leo. Mwambie Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, nitapita kwenu."

Jumatatu Mukasine alirudi zahanati akamwomba Gahongayire afute alichokiandika kuhusu pombe. Muuguzi alifuta bila kumlaumu.

"Nikiacha, litaondoka?" Mukasine akauliza.

"Hapana, mama. Kuacha kunakusaidia kwa siku zilizo mbele. Lililokwisha kuwapo linamtaka daktari. Na hata akikuambia ni baya, usiseme pombe ndiyo iliyolileta. Hakuna anayeweza kujua kwa mtu mmoja ni kipi. Wewe nenda tu."

Mukasine alisimama akasubiri zaidi, kisha akaelewa kwamba hakuna zaidi.

Jumanne kulikuwa na ukungu bondeni. Kankindi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwenye macho ya kutazama chini. Walipanda mlima wa hospitali bila kuzungumza, Mukasine mbele, akigeuka kila hatua chache kuhakikisha mwenzake hajarudi nyumbani. Kwenye benchi la kusubiri hakuweza kuketi. Alikwenda hadi dirishani, akarudi, akauliza zamu, akaambiwa aketi, akaketi, akainuka.

"Unanitia kizunguzungu," Kankindi alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi hiyo.

Daktari alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alilipapasa donge, akauliza maswali yake, na Mukasine alijibu yote bila kupamba. Kisha alinawa mikono.

"Hili tulitoe, mama, litazamwe. Kabla ya kutazamwa siwezi kukudanganya upande wowote. Lakini ni dogo na linacheza chini ya kidole, na hilo nalipenda. Alhamisi ya wiki ijayo."

"Hiyo ni mbali."

"Ni siku tisa."

"Ni mbali, muganga."

Daktari alimtazama juu ya miwani. "Wanawake hunijia baada ya miaka miwili, limekwisha kupasuka. Wewe siku tisa zinakushinda?"

"Zinanishinda. Tangu Pasaka nazunguka nalo. Keshokutwa hakuna nafasi?"

Daktari alifungua daftari, akalipekua mbele na nyuma, akakata jina la mtu wa ngiri na kulishusha chini. "Keshokutwa saa moja. Usile kitu asubuhi."

Mukasine alifunga vifungo, akatoka. Aliegemea ukuta wa korido akasema asante kwa Mungu kwa ajili ya siku saba alizopunguziwa. Jingine la kusema hakulipata.

Muuguzi wa mlangoni aliita jina la Kankindi. Kankindi hakuinuka. Alikuwa ameshika ubao wa benchi kwa mikono miwili.

"Nitakuja wiki ijayo," alinong'ona. "Nimemwacha mtoto."

"Mtoto yuko na Mama Usumani, anakula maandazi. Inuka."

"Ingia na mimi, basi."

Mukasine akaingia tena. Daktari aliwatazama wote wawili. "Ninyi ni ndugu?"

"Ni majirani."

Kankindi alisimama katikati ya chumba na mikono yake haikuweza kufungua blauzi. Mukasine akaifungua mwenyewe, kifungo kimoja baada ya kingine, taratibu, yeye ambaye asubuhi nzima hakufanya jambo lolote taratibu. Alipomaliza, aliona pale ngozi ilipobonyea, akauzuia uso wake usiseme kitu.

"Mwonyeshe ni wapi," alisema.

Kankindi alifumba macho, akaonyesha.